Meno ya Kahawia si Uchafu

Katika mkoa wetu wa Singida tumezoea kuona watoto wenye meno yenye madoa. Wengine wana mistari myeupe kama chaki, wengine madoa ya manjano au ya kahawia, na wachache meno yao yana vishimo na humeguka upesi. Watoto hao hugombezwa nyumbani na kuchekwa shuleni kwamba hawapigi mswaki. Wakifikia ujana, huziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Wazazi nao hutuuliza kliniki: ni dawa gani ya kuyasugua yawe meupe?

Jibu ni hili: rangi hiyo si uchafu, na hakuna mswaki utakaoiondoa. Lakini mtoto aliye mgongoni leo anaweza kukingwa nayo, kama tukianza mapema.

Rangi hiyo hutoka wapi?

Hutokana na madini yaitwayo floraidi. Madini haya yamo katika miamba ya sehemu nyingi za nchi yetu, kama vile Singida, Shinyanga, Manyara, Arusha na Kilimanjaro. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya ardhi huyayeyusha, nasi tunayavuta kisimani. Hayana rangi, harufu wala ladha ya kututahadharisha.

Floraidi kidogo huimarisha meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Ni kama chumvi kwenye mboga: kidogo hufaa, nyingi huharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4, lakini sasa kiwango chetu ni hicho hicho cha 1.5. Pale inapozidi sana, na mtu akayanywa maji hayo kwa miaka mingi, hata mifupa na viungo huathirika.

Meno ya ukubwani huanza kutengenezwa ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa, miaka mingi kabla ya kuota. Mtoto akimeza floraidi nyingi wakati huo, gamba gumu la nje la jino halikomai vizuri. Jino huota likiwa na kasoro tayari, kisha hunyonya rangi na kuwa la kahawia. Ndiyo maana mtoto aweza kuwa na meno ya utoto meupe kabisa, na yale ya ukubwani yakaota na madoa. Muda wa hatari ni tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, na kwa meno ya mbele ni hasa mwaka wa pili na wa tatu. Mtu aliyehamia hapa akiwa mtu mzima hapati madoa hayo.

Maji ya mtoto mdogo

Kinga ya kwanza ni ziwa la mama. Hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake huwa nayo kidogo sana. Basi mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi 6, wala asipewe maji. Hatari huanza tunapomwanzishia uji uliopikwa kwa maji ya kisima.

Kinga ya pili ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi. Wengi husema hawana tangi la kutosha familia nzima. Si lazima litoshe wote. Mtoto wa miaka 2 hutumia kama lita moja kwa siku, ya kunywa na ya uji. Pipa moja safi la lita 200, likijazwa mwishoni mwa masika, linamtosha kwa zaidi ya miezi 6, yaani kiangazi karibu chote. Acheni mvua za kwanza zioshe bati, kisha kingeni. Pipa lifunikwe, lisiwe lililowahi kutiwa mafuta wala dawa, na maji ya kunywa yachemshwe ili kuua vijidudu.

Angalieni jambo moja: kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji ya kisima yakichemka sana hupungua, nayo floraidi hubaki ile ile. Wala msiache kisima safi mkaenda kuchota maji ya lambo, kwa maana kuhara huua mtoto upesi, na madoa hayaui.

Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Kwa hiyo viongozi wa kijiji waombe vipimwe kupitia ofisi ya RUWASA ya wilaya. Pakiwa na kisima chenye floraidi kidogo, maji yake yawe kwanza ya watoto. Zipo pia njia za kuchuja floraidi. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa, na huko Kenya Jimbo Katoliki la Nakuru limetengeneza vichujio vya namna hiyo tangu mwaka 1998. Lakini msijaribu kuuchoma wenyewe nyumbani, kwa sababu mifupa isiyochomwa kwa kipimo huharibu maji.

Magadi jikoni

Akina mama, magadi tunayotia kwenye maharage, makande na mlenda yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Imeonekana hapa nchini kwamba hata mahali ambapo maji ni mazuri, watoto wanaolishwa vyakula vya magadi hupata madoa. Lowekeni maharage na mahindi usiku kucha, mwage maji yale, kisha mpike. Mboga ya mtoto itolewe pembeni kabla ya kutia magadi. Chai ya rangi iliyokolea nayo si kinywaji cha mtoto mdogo.

Mswaki bado ni wa lazima

Madoa hayazuii meno kuoza. Meno huoza kwa sababu vijidudu vilivyo katika ukoga hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Kwa hiyo:

1. Anzeni kusafisha meno ya mtoto jino la kwanza linapoota.
2. Mswaki upigwe mara 2 kwa siku, na ule wa usiku kabla ya kulala usikosekane. Mswaki wa mti wafaa pia, kama ncha imetafunwa ikawa laini na ndani ya meno panafikiwa.
3. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na kiasi cha njegere baada ya hapo. Mtoto afundishwe kutema, asimeze.
4. Mzazi amsaidie hadi afikishe miaka 7 au 8.
5. Mtoto asilale na chupa ya uji wa sukari au chai mdomoni.
6. Kwenye miaka 6, gego la ukubwani huota nyuma ya meno ya utoto bila jino lolote kung'oka. Msidhani ni la kubadilika, likiachwa lioze halirudi.

Aliye na madoa tayari

Asisugue kwa mchanga, majivu, mkaa wala sabuni ya unga. Vitu hivyo hukwangua gamba, na jino likaanza kuuma. Madoa mepesi hayahitaji tiba. Yakiwa makubwa, mtaalamu wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika, basi ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa.

Zaidi ya yote, mtoto huyo asigombezwe wala kutaniwa. Meno yake yalipata kasoro kabla hajajua kushika mswaki. Walimu na wazazi wa ubatizo watusaidie kulisema hili. Tulilonalo mikononi ni mdogo wake: kabla masika hayajaisha, mtengeeni pipa lake.