Rekodi za Kifusi, Kutoka New Haven hadi Migato

Pamba na kokoto zina ukoo mmoja. Mwaka 1793 Mmarekani Eli Whitney alibuni mashine ya kutenga nyuzi za pamba na mbegu zake, na mitambo inayonguruma leo katika viwanda vya kuchambua pamba mkoani Simiyu, mkoa unaoongoza kwa zao hilo Tanzania, hufanya kazi ileile. Miaka 65 baadaye, mwaka 1858, mpwa wake aliyeitwa kwa jina la mjomba, Eli Whitney Blake, alipata hataza ya mashine ya kuponda mawe kwa taya. Mji wake wa New Haven, jimbo la Connecticut, ulikuwa ukijenga barabara ya kokoto na Blake alikuwa kwenye kamati ya kazi hiyo. Aliona vibarua wakigonga mawe kwa nyundo kutwa nzima, na lundo halikui. Akatengeneza bamba mbili za chuma zilizopanuka juu na kubana chini, moja imetulia, nyingine inakwenda na kurudi. Jiwe likiingia huvunjwa, vipande vikashuka kidogo, vikavunjwa tena, vikashuka tena, hadi vinatoka chini vikiwa na ukubwa uliopimwa.

Hiyo ndiyo mashine kongwe ya kuponda katika orodha yangu ya rekodi za kifusi, na bado haijastaafu. Krasha kubwa za leo, hata zile zinazotembea kwa minyororo kama katapila, nyingi zina taya za Blake ndani yake.

Migato ni kata ya wilaya ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Huku taya ya Blake bado ni mgeni. Kokoto za ujenzi mdogo huanzia kwenye mkono wa mtu, mara nyingi mama, aliyeketi chini ya kivuli cha kiroba kilichotundikwa kwenye miti miwili. Mkono wa kushoto una pete pana iliyokatwa kwenye tairi kuukuu. Jiwe hukaa katikati ya pete ili lisiruke. Mkono wa kulia una nyundo. Anagonga mara tatu, jiwe linakuwa manne. Anayasukuma pembeni kwa kiganja, anaweka jingine. Macho anayakinga kwa kuyafumba nusu tu. Kokoto zinauzwa kwa ndoo, na ukiijaza ndoo mwenyewe siku moja, hutabishana tena na mama huyo juu ya bei.

Sasa rekodi ambayo kila mkandarasi angepaswa kuijua. Uwanja wa ndege wa Stapleton, Denver, ulifungwa mwaka 1995 na ndege zikahamia uwanja mpya. Zilibaki njia za kurukia na maegesho, zege na lami eneo lisiloisha kwa macho. Kuyabeba yote hayo hadi dampo kungekuwa msafara wa malori wa miaka. Badala yake mashine zililetwa palepale. Zege lilivunjwa, likapondwa, likachekechwa, na zaidi ya tani milioni 6 zikageuka kokoto za barabara, misingi na majengo mapya ya eneo hilo. Waliipa kokoto ile jina lake, Staplestone. Kwa kazi ya kuponda zege mahali lilipo, sijui mradi mwingine unaoufikia.

Siri ya Stapleton ni hesabu ya magari, na hesabu hiyo ni ileile kwa mradi wowote, uwe mkubwa au mdogo. Anayebomoa hulipa gari linaloondoka na kifusi. Anayejenga hulipa gari linalokuja na kokoto. Mara nyingi ni mtu mmoja anayelipa yote mawili, na kila gari huenda limejaa na kurudi tupu, kwa hiyo dizeli imelipwa safari nne kwa kazi ya jiwe moja. Mashine inayoponda saitini hufuta safari hizo. Ada ya dampo, ambayo matangazo ya wauza mashine huipigia kelele, ni fungu dogo kwa sehemu kama Simiyu ambako kifusi kingi hata hakifiki dampo. Kinachokula fedha ni magurudumu.

Jengo refu kuliko yote kubomolewa kwa hiari ya mwenyewe lilikuwa New York, namba 270 Park Avenue: ghorofa 52, mita zipatazo 215, lililoshushwa kati ya 2019 na 2021 ili benki ya JPMorgan Chase ijenge refu zaidi hapohapo. Halikulipuliwa, maana katikati ya mji ule huwezi. Lilishushwa ghorofa kwa ghorofa, na wenyewe wamesema asilimia 97 ya vifaa vyake vilitumika tena au kurejelezwa. Rekodi ya kulipua, ambayo watu huipenda zaidi kwa kuitazama kwenye simu, iko Abu Dhabi: tarehe 27 Novemba 2020 minara minne ya Mina Plaza, jumla ya ghorofa 144, ilikwenda chini kwa sekunde 10. Mimi naiona New York kuwa kubwa zaidi. Sekunde 10 zinakuachia lundo lililochanganyika nondo, zege, mbao, nyaya na vioo, na kuchambua mchanganyiko huo ni kazi ghali kuliko kuubomoa. Anayeshusha polepole anachambua huku akishusha.

Kwenye kuchambua, Japani iko mbele ya wengi. Sheria yake ya kurejeleza vifaa vya ujenzi ilipitishwa mwaka 2000, na takwimu za serikali za mwaka 2018 zilionyesha zaidi ya asilimia 99 ya mabonge ya zege yakirejelezwa. Nchi ya visiwa na milima haina pa kutupa.

Berlin nayo ilikuwa na pa kutupa, ikatupa hadi ukatokea mlima. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kifusi cha mji kilipelekwa magharibi kwa miaka mingi na kurundikwa juu ya chuo cha kijeshi cha Wanazi ambacho hakikumalizika. Teufelsberg, Mlima wa Shetani, una kilele cha mita 120 kutoka usawa wa bahari, na leo watu hupanda kutazama machweo. Lakini kabla ya mlima kulikuwa na wanawake. Maelfu yao walisimama kwa mistari wakipokezana matofali, wakiyagonga kwa nyundo ndogo kuondoa chokaa ya zamani, wakiyapanga yajengewe tena. Kila nikisoma habari zao namwona yule mama wa pete ya tairi.

Tanzania ina rekodi yake, nayo haisemwi vya kutosha. Matiko Sabai wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, alichukua kifusi cha majengo ya hapa nchini, akakiponda na kukifyatulia matofali ya zege, utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Kokoto za kifusi zilionekana dhaifu kuliko kokoto za jiwe asilia, jambo lililotarajiwa kwa sababu saruji ya zamani inayong'ang'ania jiwe hunywa maji na kuvunjika upesi. Hata hivyo asilimia 85 ya matofali yaliyojaribiwa yalifikisha nguvu ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kiwango cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa tofali la kubeba mzigo. Hakuhitaji kiwanda cha Ulaya. Alihitaji kifusi kisichochanganywa na udongo, chekeche, saruji na umakini wa maji. Mhandisi wa halmashauri yoyote anaweza kuusoma utafiti huo kwa jioni moja.

Upande wa wingi, hakuna kilichoitikisa sekta ya ujenzi wa vijijini kama mwisho wa mwaka 2021. Kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa kukabiliana na UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, serikali iliamua kujenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, kila moja kwa shilingi milioni 20, yakamilike kabla wanafunzi hawajaripoti Januari. Mafundi wa vijijini ndio walioyajenga. Kila saiti ilitaka mchanga, mawe na kokoto kwa wakati uleule, na anayejua soko anajua kinachotokea watu wote wakitafuta tipa wiki moja.

Hapo ndipo Migato inapoingia na tatizo lake lenyewe. Wasukuma wa huku wana majina ya udongo kama wengine walivyo na majina ya ng'ombe: luseni ni ule wa kichanga wa mwinuko, mbuga ni ule mweusi mzito wa bondeni. Mbuga hulea pamba vizuri na hutesa nyumba vibaya. Mvua ikinyesha huvimba, kiangazi hunywea na kupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Jengo lililowekwa juu yake bila matayarisho hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Sakafu hupasuka kwanza, kisha kuta kwenye pembe za madirisha. Baada ya miaka kadhaa kamati ya shule inakaa kujadili kubomoa.

Dawa inajulikana: ondoa mbuga chini ya jengo, jaza moramu au mawe yaliyopondwa, shindilia tabaka kwa tabaka. Angalia basi kinachofanyika. Jamvi la sakafu lililopasuka linavunjwa na kutupwa kwenye korongo, kisha gari linatafutwa kuleta mawe ya kujazia chini ya jamvi jipya. Jiwe linalotafutwa mbali lilikuwa limelala uani.

Chukua darasa la mita 9 kwa 7 lenye jamvi la unene wa sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 6.3 za zege, na zege lina uzito wa tani 2.4 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ni tani 15, tipa moja iliyojaa. Likipondwa linavimba kwa sababu ya nafasi kati ya vipande, na hata baada ya kushindiliwa litafunika sehemu kubwa ya tabaka la sentimita 15 chini ya darasa hilohilo. Tipa moja haikuondoka na nyingine haikuja. Sakafu ya zamani imekuwa kitanda cha sakafu mpya, na hapo udhaifu alioupima Sabai hauna madhara kwa sababu tabaka hilo halibebi nguzo wala linta. Nisingethubutu kuweka kokoto hiyo kwenye boriti.

Mashine ya kutembea yenyewe si ngeni duniani. Wafini walianza kuuza krasha za minyororo kwa jina la Lokotrack mwaka 1985, na siku hizi ziko ndogo za kuvutwa nyuma ya lori. Shule moja haiwezi kuinunua. Simiyu ina wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ningependa kuona mashine moja ikizunguka kote kwa ratiba, kama trekta la kukodi linavyokwenda shamba hadi shamba. Izunguke kiangazi, pamba ikishavunwa, maana lori lililobeba mashine ya tani nyingi likiingia mbuga iliyolowa litakaa hapo hadi jua lirudi.

Mbao ni habari fupi. Kwingineko mashine za kusaga mbao ndizo zinazopunguza wingi wa taka za saiti, mabanzi yakawa vipande vidogo vya kutandaza bustanini. Migato mrunda ukishushwa kwenye jengo una jiko linalousubiri. Nondo nazo huondoka kabla ya kifusi kupoa. Hapa hakuna cha kusaga, na mtu asije kuuza mashine ya mbao kwa watu wanaotembea mbali kutafuta kuni.

Kuna kitu kimoja kisichoingia kwenye taya hata kidogo: paa la asbesto. Majengo kadhaa ya umma ya zamani bado yanayo. Likiwa zima limetulia, likipondwa nyuzi zake hupaa na kuingia mapafuni, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Lilowanishwe, lishushwe bila kuvunjwa, lifungwe na kuzikwa kwa maelekezo ya mamlaka ya mazingira. Hata vumbi la zege la kawaida si la kuchezea. Silika iliyomo huumiza mapafu polepole, hivyo mashine ipondee chini ya maji yanayonyunyizwa, na kila anayeisogelea avae barakoa.

Rekodi ya mwisho ni ya mashine ndogo kuliko zote: nyundo na pete ya tairi. Haitumii dizeli na haikwami mbugani, ila inamla anayeitumia. Mashine kubwa ikija, mikono hiyo isiachwe barabarani. Krasha inahitaji watu wa kuchambua kabla na baada ya taya: kutoa udongo, mizizi, plastiki na vipande vya nondo ambavyo sumaku ya mashine haikuvikamata, na kutenga kokoto kubwa na ndogo. Hakuna anayelijua jiwe zaidi ya mtu aliyeligonga kwa miaka. Mkataba wa kuikodi mashine uandikwe na majina yao ndani, mshahara wao ukiwa kwenye mstari mmoja na dizeli, na miwani ya kukinga macho inunuliwe kabla ya injini kuwashwa.