Fahamu: Nyumba ya bibi, watoto na wajukuu ijengweje?

Kabla fundi hajachimba msingi, muulize: bibi atafikaje chooni saa nane usiku?

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, ilishajibu nusu ya swali hilo. Vizazi vitatu vilikaa chini ya bati moja, mzee akishinda barazani na kusalimiana na wapita njia. Tatizo lilikuwa choo: kipo uani, cha kuchuchumaa, na sakafu haikauki. Magoti ya miaka 75 hayana ubavu huo.

Siku hizi tunajenga ghorofa na kumpa mama chumba cha juu, eti heshima. Ni kosa. Alale chini, choo cha kukaa kiwe humo humo, vigae visiteleze, na vyuma vya kushikilia vifungwe kwenye tofali, si kwenye plasta tu. Mlango uwe na upana wa sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite bila kumchubua vidole. Kizingiti kisiwepo.

Barazani, ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa urefu wa sentimita 180, yaani 12 kwa kila moja. Mafundi wengi huufupisha, ukabaki wa kusukumia toroli la zege.

Kuacha mlango mpana wakati ukuta unapanda kunakuokolea hata tofali. Kuupanua baadaye ni kubomoa, kununua fremu nyingine na kupiga plasta upya.