Ziwa tulilolijua kwa magunia

Afisa wa forodha upande wa Mugina alifungua begi letu kubwa, akatoa hema, kamba, vigingi vya chuma, sufuria mbili na taa ya betri. Akavipanga mezani kimoja kimoja kama anayepanga ushahidi.

"Hema hii ni ya kuuza?"

"Si ya kuuza, afande. Tunakwenda kulala kando ya ziwa. Mimi, mama watoto na hawa wawili."

Akawatazama watoto, akamtazama mke wangu, akarudi kwangu. "Mmekosana na ndugu zenu wa Rumonge?"

Msomaji anayevuka Manyovu kila wiki hatamlaumu. Njia ile hupita mawese, samaki wakavu, maharage, nguo na sabuni. Anayelala nje huko ni aliyeachwa na gari, au ambaye gari lake limekosa mafuta. Familia inayovuka mpaka ili ikalale mchangani kwa hiari yake haimo kwenye fomu yoyote. Tulipigiwa muhuri, tukaondoka huku akitikisa kichwa.

Ilikuwa Ijumaa, 30 Agosti 2024, watoto wakiwa likizo fupi. Mke wangu anauza dagaa na migebuka, yaani ndagala na mukeke kwa ndugu zetu wa Burundi, kati ya Kigoma na Bujumbura. Mwaka huo Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa miezi mitatu mizani yake ilikaa uvunguni, na mtaji ukaliwa kidogo kidogo kwa ada za shule na unga. Ziwa lilipofunguliwa alikuwa ameshakata shauri: nusu ya fedha iliyobaki iende kwenye michikichi. Mchikichi haufungwi kwa tangazo, alisema. Mjomba wake, ambaye ni raia wa huko, alikuwa amepata shamba dogo karibu na Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge. Lingenunuliwa kwa jina la mjomba, kwa fedha ya mpwa. Tulikwenda kuliona.

Wazo la hema lilikuwa langu, na nakiri kwamba sababu ya kwanza ilikuwa kukwepa gharama ya nyumba ya wageni. Sababu ya pili ni binti yangu wa miaka kumi na moja. Muhula uliopita waliambiwa shuleni wachore Ziwa Tanganyika. Wenzake walichora maji na mitumbwi. Yeye alichora magunia, matano, yamefungwa midomo kwa kamba ya katani, na pembeni mtu anapima. Mwalimu alimpa alama nusu. Mama yake aliona ni mchoro sahihi kabisa. Mimi ulinisumbua, kwa sababu nami ziwa hili nimeliandika kwa miaka mingi nikiwa ndani ya kumbi za mikutano. Naweza kukutajia bila kusoma popote kwamba mkataba wa nchi nne wa kulihifadhi ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na kwamba mamlaka yake ina makao Bujumbura. Sikuwahi kulala kando yake.

Tulimwona kwanza mkuu wa kolini, kama inavyopasa. Akatupa ruhusa na onyo: tusiweke hema karibu na maji, maana kiboko hupanda usiku kutafuta majani. Tukalifunga juu ya ufuo, chini ya mwembe, mahali ambapo maji yalikuwa yamefika miezi michache nyuma. Mwaka ule ziwa lilikuwa limejaa kupita kiasi. Kuelekea mjini tulikuwa tumepita nyumba zilizobaki kuta tupu, na minazi iliyosimama ndani ya maji kama watu wanaongoja boti. Sheria ya maji ya Burundi inataka mita 150 kutoka ziwani zisijengwe. Mwaka huo ziwa lilijipimia lenyewe.

Jua lilizama nyuma ya rasi ya Ubwari, ng'ambo ya Kongo. Hapo ndipo mwanangu wa kiume, miaka saba, alipouliza swali lililokuwa limemkaa tangu Nyanza-Lac: je, Gustave yupo? Gustave ni yule mamba mkubwa wa Rusizi anayesimuliwa pwani yote hii. Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Bujumbura, alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma akashindwa. Nikamwambia Rusizi iko mbali, kaskazini ya Bujumbura. Akaniuliza kama mamba anahitaji pasi. Sikuwa na jibu.

Giza lilipokolea, taa zikaanza. Kwanza moja, mbali, ukadhani ni nyota imechelewa kupanda. Kisha tatu, kisha mstari. Mtoto alihesabu mpaka sitini na kitu, akalala na namba mdomoni. Zilikuwa katamarani za wavuvi, mitumbwi iliyounganishwa kwa magogo, neti ikining'inia chini na taa juu yake. Binti alikuwa bado macho. Karibu yetu alikaa mzee mmoja, mvuvi aliyestaafu kwa sababu ya macho, ambaye mkuu wa kolini alimtuma akae nasi na moto wake.

"Shikamoo babu. Kwa nini leo wako wengi hivi?"

"Marahaba mwanangu. Kwa sababu hakuna mwezi." Akasukuma kuni ndani. "Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala anaona dunia nzima ina taa. Ya kwako aifuate ya nini?"

Ndagala hushinda chini mchana na kupanda karibu na uso wa maji usiku, akifuata wadudu wadogo wa majini anaowala. Taa humkusanya. Mukeke naye humfuata ndagala, na wavu huwafuata wote wawili. Siku za mbalamwezi taa hazina kazi, na mitumbwi hupumzika ufukoni.

Nilimsikia mke wangu akicheka gizani. "Miaka tisa," akasema, "najua bei inapanda katikati ya mwezi na kushuka mwishoni. Nilidhani ni wachuuzi wa mwaloni wanapanga." Miaka tisa amefuata mwezi kwenye daftari la mauzo, asiinue kichwa kuutazama. Sisemi hivyo kwa kumcheka. Mimi nilikuwa nimelala naye nyumba moja miaka yote hiyo na sikujua hata kwamba kuna kupanda na kushuka.

Mzee alituambia jambo jingine, na baadaye nililithibitisha kwa wanaosoma maji. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Ukisikia hivyo unadhani ni ghala lisilo na sakafu. Lakini hewa ambayo samaki wanavuta imo katika tabaka la juu tu, mita mia moja hivi upande huu wa kaskazini, ikizidi sana mia mbili na ushei kusini. Chini ya hapo ni maji mazito, meusi, yasiyo na samaki hata mmoja. Mzee hakutaja mita. Alisema, "Ziwa ni kama chungu cha uji. Tunakula utando wa juu." Upepo wa kusini wa kiangazi ndio hukoroga, ukapandisha rutuba kutoka chini. Watafiti waliochimba matope ya sakafuni na kutoa matokeo yao mwaka 2016 walionyesha kwamba kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyokorogeka kwa shida, na samaki hupungua. Upungufu huo ulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Kwa hiyo lile tangazo la miezi mitatu, ambalo nyumbani kwetu lilitukanwa sana, linashughulikia sehemu moja tu ya hasara.

Saa nane usiku kiboko alikoroma. Sauti ile haiingii masikioni, inapitia ardhini. Watoto walinishika mikono, mmoja huku na mmoja huku, na mzee akaongeza kuni bila kusema neno. Tulimsikia akipasua majani upande wa kijito, akala, akarudi. Sijawahi kuogopa hivyo, na asubuhi watoto walitaka tubaki siku nyingine.

Si sisi wa kwanza kukaa kambini na mzazi kwenye pwani hii. Ukishuka kwa boti kupita Nyanza-Lac na kuvuka mpaka, unafika Gombe. Jane Goodall alitua hapo tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, na alikuja na mama yake, Vanne, kwa sababu wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa binti akae porini peke yake. Walilala hema moja. Binti alipanda milimani kutafuta sokwe. Mama alibaki ufukoni akiwagawia wavuvi dawa za homa na vidonda, na ujirani ukaanzia hapo. Baadaye Goodall mwenyewe aliona kutoka angani jinsi vilima vya nje ya hifadhi vilivyobaki vipara, na mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa Tacare, unaoanza na shida za wanakijiji kabla ya sokwe. Nilimsimulia binti yangu haya tukichemsha chai. Alichokishika ni kimoja: kwamba mama yake Jane naye alikuwa na mizani.

"Ya dawa," nikasema.

"Mizani ni mizani," akajibu. Ni mtoto wa mama yake.

Jumamosi tulikwenda shambani. Msitu wa Kigwena uko kando ya barabara, hekta mia tano hivi zilizobaki za msitu wa bondeni ambao zamani ulikuwa mkubwa zaidi. Unatoka kwenye jua kali unaingia, na jasho linakauka mgongoni kabla hujapiga hatua ishirini. Tumbili walitupita juu. Mlinzi wa hifadhi alituonyesha kijito kinachotoka humo. Tulikuwa kwenye kilele cha kiangazi, vijito viwili tulivyovuka njiani vilikuwa changarawe tupu, lakini hiki kilikuwa na maji ya kufika kifundoni. Mwanangu alikaa ndani yake na nguo zake. Nilitaka kumkemea, mama yake akanishika mkono.

Upande wa pili wa kijito ndipo msitu ulipokatika, ghafla, kama nywele zilizopitiwa na wembe. Michikichi ikaanza. Sina ugomvi na michikichi: mawese yamejenga nusu ya Rumonge na kusomesha wengi, na mke wangu hupikia hayo hayo. Mjomba alitusubiri na mwenye shamba. Udongo ulikuwa mweusi, wenye unyevu. Mke wangu aliuchota akaunusa kama anavyonusa dagaa, na nikajua ameupenda. Kisha akauliza swali la mfanyabiashara.

"Mpaka uko wapi?"

Mwenye shamba alionyesha kigingi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikuwa ndani ya kivuli cha miti mikubwa. Hapo palikuwa na visiki viwili, vibichi bado. Mke wangu akavitazama. Yule bwana akatabasamu, akasema kwa nia njema kabisa, kama anayeongeza kipimo juu ya kilo:

"Huku mpaka unatembea, mama. Ukinunua leo hivi, baada ya miaka mitatu una shamba kubwa kuliko hili."

Mjomba akacheka. Mlinzi hakuwa karibu. Binti yangu ndiye aliyeuliza, kwa sauti, kile kijito kitakwenda wapi.

Usiku wa pili hatukuzungumza sana. Taa zilirudi ziwani. Mke wangu alikaa nje ya hema na fedha yake imefungwa kwenye pindo la kanga, akasema tu: "Mimi mpaka unaotembea naujua. Kila nikifika Mugina bei ya kuvuka imetembea." Nilimwambia kwamba asiponunua yeye atanunua mwingine, na visiki vitaongezeka vile vile. Alisema analijua hilo pia. Hatukugombana. Lakini tulikuwa na ada za Januari, na sikuwa na shamba jingine la kumwonyesha.

Alfajiri, kabla hatujafungua kamba za hema, mitumbwi ilirudi. Watoto walikimbia kupokea. Ndagala mbichi, anayemeta, si kitu ambacho wanangu walikuwa wamewahi kukishika; binti aliwaweka watatu kiganjani na kuuliza kama gunia moja ni wangapi. Mvuvi alicheka. Mama yake alianza kupiga hesabu kwa vidole, akaishia njiani.

Hatukulipa siku ile. Siku hizi jikoni kwetu, pembeni ya daftari la mauzo, pamebandikwa karatasi ambayo binti huchora mwezi kila usiku, na mama yake huitazama kabla ya kupigia simu mwaloni. Mjomba naye amepiga wiki iliyopita: mnunuzi mwingine amekuja kutoka Bujumbura, tuamue. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kigingi cha nne kimefika wapi.