Sotoka Imekwisha, Surua Je?

Mama msomaji, huenda mwanao aliye shuleni leo hajapata kulisikia neno "sotoka". Bibi zetu walilijua, na walilitaja kwa hofu. Ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe ulioanza kwa homa, kisha macho na pua kuchuruzika, vidonda mdomoni na kuhara sana. Katika muda wa wiki moja au mbili zizi lililojaa lilibaki tupu. Ulipopita Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, uliua karibu ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Wamaasai waliuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Sotoka haikuwaambukiza binadamu, lakini maziwa yalipokoma watoto walikufa kwa njaa.

Leo ugonjwa huo haupo tena kwa mnyama yeyote duniani. Hadi sasa ni magonjwa mawili tu ambayo binadamu amefaulu kuyafuta kabisa: ndui, iliyotangazwa kwisha mwaka 1980, na sotoka, mwaka 2011. Katika ushindi huo wa pili kuna mtu ambaye wengi wetu hatukumsikia, daktari wa mifugo aliyefanya kazi yake kubwa hapa hapa kwetu.

Daktari wa Muguga

Walter Plowright alizaliwa mwaka 1923 huko Holbeach, mji mdogo wa eneo la wakulima nchini Uingereza. Alihitimu udaktari wa mifugo London mwaka 1944, akaingia katika kikosi cha jeshi kilichotibu wanyama, na kwa njia hiyo akaijua Kenya. Baadaye alifanya kazi Kabete, kisha Nigeria. Mwaka 1956 alifika Muguga, karibu na Nairobi, kwenye kituo cha utafiti kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Alikaa hapo hadi mwaka 1971.

Chanjo ya sotoka ilikuwapo tayari, lakini ilikuzwa ndani ya mwili wa mbuzi. Ng'ombe wa aina fulani waliugua kwa chanjo yenyewe, na wakati mwingine chanjo iliweza kubeba vijidudu vingine vya huyo mbuzi. Plowright na mwenzake R. D. Ferris walifuata njia nyingine. Walichukua seli za figo la ndama, wakazikuza ndani ya vyombo vya kioo, wakazitia virusi vya sotoka. Virusi vilipozaana, walivihamishia kwenye seli mpya, kisha nyingine, na nyingine tena, karibu mara 90.

Ni kazi ya uvumilivu, akina mama. Kadiri virusi vilivyozoea maisha ya chupani, ndivyo vilivyopoteza ukali wake. Mwishowe havikuweza tena kumwuguza ng'ombe, lakini mwili wake bado ulivitambua na kujijengea kinga. Sindano moja ilimkinga mnyama maisha yake yote. Ilikuwa ya bei nafuu, na haikumdhuru ndama wala ng'ombe mwenye mimba.

Plowright hakuishia hapo. Wamaasai walijua tangu zamani kwamba ng'ombe wakilishwa mahali nyumbu wanapozalia, hushikwa na ugonjwa mwingine unaoua. Mwaka 1960 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamevipata virusi vya ugonjwa huo katika nyumbu, ambao wenyewe huvibeba bila kuugua. Wafugaji walikuwa wamesema kweli.

Kazi iliyoachwa katikati

Je, chanjo nzuri ilitosha kuimaliza sotoka? La. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1976 nchi nyingi za Afrika ziliungana kuchanja ng'ombe, na ugonjwa ukapungua mno. Ulipokuwa hauonekani tena katika sehemu nyingi, bidii ikalegea. Lakini sotoka ilikuwa imejificha katika makundi machache ambayo hayakufikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilitoka tena na kuua ng'ombe wengi, magharibi na mashariki ya Afrika.

Ikabidi kuanza upya. Kwa kuwa chanjo ya Plowright iliharibika haraka kwenye joto, Mmarekani Jeffrey Mariner aliitengeneza kwa namna iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila barafu. Wafugaji wenyewe wakafundishwa kuchanja, wakaibeba kwa miguu hadi Karamoja, Sudan ya Kusini na nchi ya Waafar huko Ethiopia, mahali ambapo magari hayakufika. Mara ya mwisho sotoka ilionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001.

Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Alifariki Februari 2010, na mwaka uliofuata dunia ikatangaziwa rasmi kwamba sotoka imekwisha.

Ndugu yake yuko nyumbani kwetu

Sasa, haya yanamhusu nini mama mwenye mtoto mgongoni? Yanamhusu sana. Virusi vya sotoka na virusi vya surua ni ndugu wa ukoo mmoja. Hata kinga yao inafanana. Ndama hupata kinga ya mama yake kwa kunyonya dang'a, na kinga hiyo huweza kuizuia chanjo isifanye kazi hadi ipungue. Mtoto wetu naye hupewa kinga ya surua na mama yake akiwa bado tumboni. Hii ni sababu mojawapo ya kumchanja surua akifikisha miezi 9 badala ya siku anapozaliwa.

Katika umri huo dozi ya kwanza huwakinga watoto wapatao 85 kati ya 100. Waliobaki wanahitaji dozi ya pili, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa kwa miezi 18. Hapo ndipo akina mama wengi hulegea. Mtoto anatembea, anakula ugali, ana afya. Mama huona safari ya kliniki haina haja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa sotoka baada ya mwaka 1976. Surua nayo hungoja palipoachwa wazi. Humpata mtoto asiyekingwa, na huweza kumwachia nimonia, upofu au kifo.

Kwa hiyo, mama, chukua kadi ya kliniki ya mtoto wako jioni ya leo. Tazama mstari wa miezi 18. Kama hauna tarehe, mpeleke kliniki wiki hii, hata kama umri huo umempita. Mwuguzi atakuambia la kufanya. Ukipita kwa jirani mwenye mtoto mdogo, mwulize naye kadi yake inasemaje.