Gari la Shibiri Moja

Mtu mzima mwenye ndevu za mvi akionekana ameinamia kijigari cha bati, akipuliza rangi kwenye mlango wenye upana wa vidole viwili, wapita njia humtazama wakacheka. Huyu, husema, akili zimerudi utotoni. Mimi sicheki. Nimekaa na watu hawa barazani hapa Mombasa kwa miaka kadha, nikawasikiliza, nikaona kuwa kazi yao ni jamaa ya karibu mno na yangu ya kutunga mashairi. Sisi tuna mizani, nao wana mizani yao. Mshororo wa mizani 16 ukipungua mmoja tu, sikio la mjuzi hushtuka. Vivyo hivyo gari la mfano: kioo kikizidi milimita mbili, jicho la dereva mkongwe hulikataa hata kabla ulimi haujapata la kusema.

Mizani iliyoenea miongoni mwao ni ya 1 kwa 24, yaani nusu inchi kwa kila futi moja ya gari lenyewe. Iko pia ya 1 kwa 43, ambayo ilirithiwa kutoka kwa reli za mfano za Uingereza. Hesabu hii haina huruma. Rangi ikipakwa nene kwa nusu milimita tu, kwenye gari halisi ingekuwa milimita 12, unene wa ubao! Ndiyo maana fundi hupaka rangi nyepesi kama maji, akangoja ikauke, akasugua kwa msasa laini, akapaka tena.

Jambo moja la tarehe hunifurahisha. Mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Uingereza alipotawazwa, kampuni ya Lesney ya London ilitoa gari dogo la farasi la kifalme, likauzwa zaidi ya milioni moja. Mmoja wa wenye kampuni hiyo, Jack Odell, alikuwa amemtengenezea bintiye mtambo wa kusawazisha barabara unaoingia ndani ya kibiriti, na hapo ndipo yalipotoka magari ya Matchbox yaliyoenea dunia nzima. Sasa basi, kwa kutawazwa huko huko, mwaka huo huo, huku kwetu Afrika Mashariki yalianzishwa mashindano ya magari ambayo baadaye yakaitwa Safari Rally. Sherehe moja, na watoto wawili: mmoja wa mfukoni, mwingine wa matopeni.

Na matope yenyewe hayakuwa ya mchezo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba tu. Sisi tuliokuwa watoto Shekhar Mehta aliposhinda mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, tulikuwa na Datsun zetu za waya, magurudumu ya soli za malapa, na usukani wa waya mrefu uliotufika kifuani. Tukitoka chuo, mbao zetu bado zina wino, tunashindana hadi adhana ya Magharibi. Hakuna aliyetaka kuwa wa pili, na wote tulikuwa Mehta. (Wenzetu wa Lamu, ambako magari ni nadra kama theluji, walichonga vidau. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Mmoja wa Mehta wale hakuacha. Leo ni fundi wa kulehemu mchana, na usiku huunda magari ya mfano. Barazani kwake hukusanyika makanika wastaafu na madereva, na ubishi wao mtamu kuliko kahawa. Juzi walikesha juu ya Peugeot 504, Pijo kama tuitavyo. Msomaji aliyesafiri zamani anaikumbuka ile ya mgongo mrefu, steshoni wagoni, iliyopakia watu na kuku na magunia. Mmoja akadai ni saluni iliyorefushwa buti tu. Makanika mmoja akamjia juu: "Hasha, bwana! Saluni kila gurudumu la nyuma hucheza peke yake. Ile ndefu ina ekseli moja nzima, na springi nne. Usiniambie, nimelala chini yake nusu ya umri wangu." Gari hilo lilionyeshwa kwanza Ufaransa mwaka 1968, na hapa Kenya liliendelea kuundwa hadi 2004.

Ubishi huo haukuzuka bure. Alikuwa amekuja mama mmoja kuomba kazi. Babake aliendesha teksi ya Pijo ndefu kati ya Malindi na Mombasa zaidi ya miaka ishirini, akawasomesha wote kwa gari hilo. Sasa lilikuwa limekaa chini ya mwembe, tairi zimezama mchangani, na kakake mkubwa ameshaliuza skrepu kwa kilo. Lingekatwa Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Fundi alikwenda na futi, daftari na penseli, akapima siku mbili. Gari lenyewe ni mita 4.80, kwa hivyo la mfano ni sentimita 20, shibiri ya mtu mzima. Bodi akaikata kutoka kopo la mafuta ya kupikia. Vioo ni plastiki ya boksi la shati, mng'ao wa bampa ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na tairi, mungu wangu, ni malapa yale yale. Miezi minne.

Kaka mkubwa ndiye aliyetoa pesa, naye alitaka gari liwe jipya, kama siku lilipotoka kiwandani. Dada alitaka na mabonyeo yake. Fundi alimsikiliza mwenye pesa, kama tufanyavyo sote.

Siku ya kulipeleka nilifuatana naye. Mzee macho yamekwisha. Tulimwamkia, akaitikia, akawekewa gari mapajani. Vidole vikatembea boneti, paa, keria, vikashuka mlango wa nyuma wa kulia. Vikasimama. Vikarudi tena.

"Gari zuri, mwanangu," akamwambia fundi. "La nani?"

Mlango ule, akatueleza, ulibonyea kwenye kivuko cha Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Lori la nazi lilirudi nyuma pale mtelemkoni. Ndani ya teksi mlikuwa na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, anakimbizwa Mombasa. Mlango haukufunga tena. Mzee akaufunga kwa kamba, akaendesha hivyo hivyo hadi hospitali, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika ncha ya kamba. Mtoto alizaliwa salama, na nauli hakudai. Kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amepata kuisikia habari hiyo.

Tulilirudisha gari jioni ile ile. Bonyeo lilikuwa kubwa kama sahani ya wali, sentimita 24. Kwa hivyo fundi alitafuta kitu chenye duara la sentimita moja, akakipata kwenye kitako cha kijiko. Alibonyeza mara moja tu. Rangi ikapasuka, ikabidi akwangue ubavu mzima na kuanza upya, wiki tatu nyingine. Kaka mkubwa alilipa bila neno.

Kisha akapiga simu: anataka na kamba. Kwa mizani ya 1 kwa 24, kamba ya milimita 12 ni uzi wa nusu milimita, na uzi upo. Lakini barazani wameshagawanyika, nusu wanasema enzi hizo madereva walifungia katani, nusu wanasema nailoni, na fundi amekataa kuutia mpaka atakapokwenda tena kumwuliza mzee.