Plagi na Waya za Gari Kuukuu: Tununue kwa Nambari, Si kwa Bei



Vikundi vyetu vingi vina gari moja kuukuu ambalo ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Likikataa kuvuta, mboga zinaoza, maziwa yanaharibika, na wanachama wanaanza kuangaliana vibaya. Leo tunaeleza vitu vidogo vinavyoweza kuleta hasara kubwa: plagi na waya zake.

YALIYOTOKEA

Kikundi kimoja tunachokitembelea upande wa Limuru kina pikapu ya Toyota ya miaka ya 1980, injini ya petroli ya silinda 4. Alfajiri hubeba kabeji na sukuma wiki hadi soko la Kangemi. Kuteremka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi na mifuko ya mbolea: ikifika mlimani inakohoa, inatetemeka, nguvu zinaisha. Mafundi husema gari "inamisi", yaani kuna silinda ambayo haichomi petroli yake sawasawa.

Fundi mmoja wa kando ya barabara akasema, "Hii injini imekufa, lazima ifunguliwe." Mweka hazina akaona heri kujaribu plagi mpya kwanza. Akashuka tauni hadi Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, akanunua zilizokuwa za bei ya chini kabisa, bila risiti. Baada ya majuma mawili gari likarudia yale yale. Mkutano ukachafuka. Wengine wakasema pesa zimeliwa, wengine wakataka pikapu iuzwe kwa bei ya kutupa.

Tulipoitwa, tulikwenda nao kwa fundi mwingine, karibu na Dagoretti Corner. Akatoa plagi zote nne, akazipanga mezani kwa mfuatano wa silinda. Zilikuwa za nambari mbili tofauti, na moja washa yake ilianguka yenyewe. Giza lilipoingia akawasha injini, nasi tukaona cheche za samawati zikiruka kutoka waya wa silinda ya tatu kwenda kwenye chuma. Mweka hazina hakuwa amekula pesa ya mtu. Alikuwa ameuziwa plagi bandia, na ule waya mbovu hakuna aliyekuwa ameuangalia.

SOMA PLAGI YA ZAMANI KWANZA

Kabla ya kutoa hata shilingi, toa plagi uziangalie ncha zake:

1. Kahawia hafifu au kijivu: silinda hiyo ni nzima.

2. Masizi meusi makavu: petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Angalia kichujio cha hewa, choki na kabureta. Sisi wa huku juu tukumbuke kwamba Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na Limuru ni zaidi ya mita 2,200. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa kwa nchi ya chini humwaga petroli kupita kiasi.

3. Imelowa mafuta ya injini: ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Hapa plagi mpya ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

4. Nyeupe, kama iliyoungua: joto limezidi. Huenda petroli haitoshi, taiming si sawa, au plagi si ya injini hiyo.

NAMBARI INASEMA NINI

Watu wengi hupeleka plagi ya zamani dukani kama sampuli. Si vibaya, lakini je, kama aliyeiweka alikosea? Anza na kitabu cha gari, au kitabu cha orodha cha mtengenezaji wa plagi, ambacho maduka mazuri huwa nacho.

Tuchukue mfano wa NGK BP5ES. B ni unene wa sehemu yenye meno ya skrubu, milimita 14. P ni ncha iliyochomoza. 5 ni kiwango cha joto. E ni urefu wa meno, milimita 19. S ni plagi ya kawaida yenye kiini cha shaba. Ukiona R katikati, kama BPR5ES, ina kizuizi cha kupunguza kelele kwenye redio.

Urefu usifanyiwe mchezo. Plagi ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni. Fupi mno inaacha masizi na kuchoma vibaya.

Kiwango cha joto nacho kina mtego. Kwa NGK na Denso, nambari kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayopoa haraka. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, nambari kubwa ni ya moto zaidi. Ukibadilisha kampuni, usifuate nambari kwa macho tu. Plagi baridi mno kwenye gari linalojikokota kwenye jam ya Waiyaki Way itajaa masizi upesi.

WAYA ZA PLAGI

Waya hubeba umeme wa maelfu ya volti kutoka koili na distributa. Ukizeeka, mpira unapasuka na umeme unatorokea kwenye chuma. Fanya kama alivyofanya yule fundi: angalia gizani injini ikiunguruma, bila kugusa. Mwenye mita anaweza kupima pia. Kwa Toyota nyingi za zamani, waya mmoja usizidi kilo-omu 25.

Nunua seti nzima, yenye urefu unaolingana na gari lako. Usikubali kuungiwa kipande cha waya wa stima ya nyumba. Angalia na kifuniko cha distributa, kama kina ufa au kutu ndani.

UKIFIKA DUKANI

- Uliza bei maduka matatu au zaidi. Ya chini mno ikutie wasiwasi.
- Angalia maandishi kwenye kauri nyeupe. Ya bandia mara nyingi yamefifia au yamepinda.
- Jaribu kuitoa washa kwa vidole. Ya NGK halisi haitoki kirahisi.
- Ncha mbili zikae sambamba, na meno yawe laini.
- Pakiti mpya si ushahidi. Plagi kuukuu huweza kusuguliwa na kufungwa upya.
- Dai risiti yenye nambari ya plagi na jina la duka. Inalinda pesa, na inamlinda mweka hazina.

KUFUNGA

Injini iwe baridi. Pima mwanya wa ncha kwa kile kipimo cha vibati vyembamba, ukifuata kitabu. Gari nyingi za zamani ni karibu milimita 0.8. Anza kukaza kwa mkono mpaka washa iguse, kisha spana nusu mzunguko tu. Ukilazimisha unaharibu silinda hedi, na hiyo ndiyo gharama yenyewe.

Waya badilisha mmoja mmoja, usizichomoe zote pamoja, maana mpangilio ukipotea gari haliwaki. Shika kofia ya mpira, usivute waya.

Kikundi chetu kilinunua plagi nne za nambari ya kitabu na seti ya waya, kwa risiti. Injini haikufunguliwa. Pikapu ilipanda hadi Limuru na mbolea yake bila kukohoa, na katika mkutano uliofuata waliomshuku mweka hazina wakamwomba radhi mbele ya wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kikundi chetu kina kitabu cha gari, na nani anakitunza?
2. Tunapomtuma mtu mmoja kununua spea, tunamlindaje asishukiwe?
3. Mara ya mwisho fundi aliposema "injini imekufa", nani aliangalia plagi?