Ganzi ya Mkono na Dawa Zinazoirefusha

Mgonjwa anayepasuliwa mkono si lazima alazwe kwa nusu kaputi, kwa kuwa neva zinazouhudumia mkono hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, zikakutana katika fungu moja linalopita nyuma ya mtulinga hadi kwapani, na dawa ya ganzi ikimiminwa kando ya fungu hilo mkono hufa ganzi huku mwenyewe akiwa macho. Dawa hiyo, iwe lidokeini au bupivakeini, huziba vijitundu ambavyo sodiamu hupitia kuingia ndani ya neva, na sodiamu isipoingia, taarifa ya maumivu haisafiri.

Tatizo ni muda. Lidokeini huisha baada ya saa chache. Bupivakeini hudumu zaidi, lakini mara nyingi humtoka mgonjwa usiku, mfupa uliotiwa vyuma ukiwa bado unauma vibaya, na kumwongezea kipimo ni hatari, kwani dawa hiyo ikizidi katika damu huweza kuleta degedege na hata kuusimamisha moyo. Ndiyo maana wataalamu wa usingizi huichanganya na dawa nyingine. Ya zamani ni adrenalini, ambayo daktari Mjerumani Heinrich Braun aliieleza mwaka 1903: huibana mishipa ya damu iliyo jirani ili ganzi isichukuliwe upesi. Kiasi chake ni kidogo mno, kwa kawaida mikrogramu 5 kwa kila mililita, nayo hufichua kosa, kwa maana sindano ikiwa imeingia ndani ya mshipa wa damu, mapigo ya moyo hupanda ghafla na daktari huacha kusukuma.

Siku hizi inayopendwa zaidi ni deksamethasoni, ambayo miligramu 4 hadi 8 huongeza saa kadhaa. Ila ikidungwa kwenye mshipa wa damu hufanya kazi karibu sawa, hivyo sababu ya kuimwaga juu ya neva si nzito kama inavyodhaniwa. Klonidini na deksmedetomidini nazo hurefusha ganzi, lakini husinzisha, hushusha shinikizo la damu na kupunguza mapigo ya moyo.

Wala si kila mgonjwa anayefaidika na ganzi ndefu. Mkono uliokufa ganzi hausikii moto wa jiko, na kwa aliyevunjika kigasha, ambaye misuli yake huweza kuvimba hadi ikazuia damu kupita, maumivu makali kupita kiasi ndiyo dalili ya mapema, ambayo ganzi ya saa ishirini huweza kuificha mpaka misuli ianze kufa.